Fleti ya chumba na sebule inauzwa Ngamiani, Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mwenye fleti ni Bi mkubwa, jirani yangu wa mlango wa pili, ambaye amehamia Muheza kwa wanawe. Mimi ni mweka hazina wa chama cha ushirika wa nyumba chenye jengo hili, kwa hiyo simu zote zinaishia kwangu, na wengi wanauliza yaleyale. Nimeyajibu hapa. Kama huna muda, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya pili. Rangi ya ukuta utaikuta ukija.

## Fleti yenyewe

Iko wapi hasa?

Ngamiani, kusini mwa reli, kule mitaa inakoitwa kwa namba. Ukishuka stendi ya Kange, panda daladala ya mjini au bajaji, mwambie dereva akushushe barabara ya nane. Jengo lina ghorofa tatu juu ya ile ya chini, kila sakafu fleti nne, jumla 16. Hii iko ghorofa ya pili, upande wa barabarani. Lifti hakuna, na mwenye magoti mabovu aje apande ngazi mwenyewe kabla hajaanza kuongea bei.

Chumba ni masta?

Hapana. Choo na bafu viko kwenye kikorido kati ya chumba na sebule. Wengine wakisikia hivyo wanakata simu. Mimi naona ni afadhali, maana kwenye nyumba ya chumba kimoja ukiwa na masta, kila mgeni anayetaka kujisaidia anapita kitandani kwako.

Ukubwa wote ni mita za mraba 46, kwa futi kamba, roshani ikiwemo. Sebule inapokea makochi ya watu watano na meza. Seti ya watu saba itaingia ila mlango wa roshani hautafunguka. Jiko ni jembamba, la mtu mmoja kupika na mwingine kusimama mlangoni akipiga soga. Dari liko juu, feni inazunguka vizuri.

Ina kasoro gani?

Swali hili huulizwa na wachache kuliko inavyostahili. Kasoro zipo tatu.

Ya kwanza ni kutu. Hewa ya bahari inakula chuma, na grili za roshani zimeanza kuchubuka kwenye maungio ya chini, pale maji ya kupigia deki yanapotuama. Ukizigonga kwa funguo unasikia sehemu mbili zinatoa sauti ya debe tupu. Hizo ni za kukata na kuchomelea upya. Kuzipaka rangi tu ni kuficha.

Ya pili ni dirisha la jikoni. Linatazama kusini, na upepo wa kusi ukija na mvua ya masika unasukuma maji kwenye ufa mwembamba chini ya fremu. Utaona alama ya hudhurungi ukutani, ndefu kama mkono, imeishia juu ya soketi ya friji. Fundi anahitaji kuondoa silikoni ya zamani, kuziba ufa kwa saruji ya kuzuia maji, kisha kupaka rangi. Soketi yenyewe mimi ningeihamisha.

Ya tatu ni ndogo: mlango wa bafuni ni wa mbao, unavimba kipindi cha mvua na kugoma kufunga.

Paa la zege linavuja, lakini maji yanawashukia wa ghorofa ya tatu. Hata hivyo usijione umepona, kwa sababu gharama ya paa ni ya wote (soma swali la ada ya mwezi).

Kuna kelele?

Zipo. Alfajiri utasikia adhana kutoka misikiti zaidi ya mmoja, haianzi kwa wakati mmoja. Asubuhi ni kengele za baiskeli na wauza vitumbua. Mchana kumetulia. Jioni baraza la kahawa lililo chini ya jengo linaanza, na wachezaji dhumna wanapiga meza kana kwamba wanapigilia misumari. Siku Coastal Union wanapocheza Mkwakwani, hasa wakikutana na African Sports, huna haja ya redio. Matokeo utayajua kwa makelele. Harusi zikianza baada ya Mfungo Sita au mwezi wa shawwal, kuna siku za ngoma hadi usiku.

Anayetaka kusikia mawimbi aende Raskazone, na awe na pesa za Raskazone. Hapa unanunua mtaa ambao saa nne usiku bado unapata mishkaki, dawa ya kichwa na fundi wa kubandika pancha. Mwanamke anayeishi peke yake anarudi usiku akiwa na watu barabarani, na hilo Bi mkubwa alikuwa akilisema kuliko sifa nyingine yoyote ya nyumba yake.

Chumba cha kulala kiko upande wa nyuma. Njoo Alhamisi jioni, ukae nusu saa, usikilize mwenyewe.

Maji na umeme vikoje?

Umeme ni LUKU, kila fleti na mita yake, zote ziko ubaoni chini ya ngazi na namba ya fleti imeandikwa kwa maka peni. Maji yana mita moja ya jengo; yanapandishwa kwa pampu hadi simtanki mbili za juu, na bili tunagawana kwa idadi ya watu wanaoishi. Umeme ukikatika muda mrefu pampu haiendi, kwa hiyo kila nyumba ina pipa lake. Bi mkubwa analiacha la kwake.

Gari, pikipiki na baiskeli naweka wapi?

Baiskeli zina chumba chake chini, chenye kufuli, na kwa kuwa hii ni Tanga ndicho chumba kinachogombewa kuliko vyote. Pikipiki zinaingia uani, nafasi sita. Gari unaegesha barabarani, mlinzi anaangalia lakini chama hakiwajibiki.

## Ninanunua nini hasa?

Kama ni ushirika, nyumba ni yangu au ya chama?

Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa, na madalali hawasaidii. Kiwanja na jengo vina hati moja, na hati hiyo ina jina la chama cha ushirika wa nyumba. Bi mkubwa hana hati ya fleti. Ana hisa katika chama, na hisa hizo zinampa haki ya kukaa fleti namba 10, kuipangisha kwa masharti, kuirithisha na kuihamisha kwa mtu ambaye chama kimemkubali.

Kwa hiyo unanunua hisa na uanachama. Fleti inakuja pamoja navyo. Ukiona tangazo lolote linalosema fleti hii ina "hati safi" ya mmiliki, aliyeliandika hatumjui.

Tofauti yake na hatimiliki ya sehemu ya jengo ni nini?

Sheria ya Hatimiliki za Sehemu za Majengo, Na. 16 ya 2008, inaruhusu jengo kugawanywa kila fleti iwe na hati yake, na mwenye hati anakuwa pia na fungu lake katika ngazi, paa, ua na vitu vingine vya pamoja. Wamiliki wanaunda chama cha kusimamia vitu hivyo. Hati ile unaweza kuipeleka benki, na kuuza huhitaji kura ya majirani.

Jengo letu halijafika huko. Sisi tuko chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika, Na. 6 ya 2013: mwanachama mmoja kura moja, awe na fleti kubwa au ndogo. Mwenye fleti mbili hana sauti mara mbili. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililolinusuru jengo, kwa sababu hakuna tajiri mmoja anayeweza kununua nusu ya fleti akaamua peke yake. Lakini hasara yake utaiona kwenye swali la mkopo.

Bodi ya chama inaweza kunikataa?

Inaweza. Unajaza fomu ya kuomba uanachama, unaleta nakala ya kitambulisho cha NIDA, picha mbili na wadhamini wawili wanaokufahamu. Unaitwa mbele ya bodi. Siyo usaili wa kazi. Wanakuuliza utaishi mwenyewe au utapangisha, mtakuwa wangapi, na ada utalipaje. Bodi ikikubali, jina linapelekwa kwenye mkutano mkuu kuthibitishwa.

Sababu za kukataa zimeandikwa kwenye masharti ya chama: kutaka kugeuza fleti kuwa stoo au karakana, kuwa na deni la chama, au kutokuwa raia (tazama sehemu ya mwisho). Kabila, dini na kuwa mseja au mwenye ndoa havimo. Ukikataliwa unapewa barua yenye sababu, na hela yako haijatoka mfukoni kwa sababu malipo huja baadaye.

Nikague nini kwenye makaratasi ya chama kabla ya kulipa?

Muulize muuzaji vigae vya bafuni baadaye. Kwanza omba kuona vitu hivi, na vyote utasomewa ofisini bila malipo.

Cheti cha kuandikishwa kwa chama na masharti yake. Hati ya kiwanja, uangalie muda uliobaki, kwa kuwa hati miliki ya ardhi Tanzania ni ya miaka isiyozidi 99 na inapoisha huhuishwa. Risiti za kodi ya pango la ardhi: kama chama kinadaiwa na Serikali, deni hilo linakufuata hata kama wewe umeingia jana. Hesabu zilizokaguliwa, vyama vya ushirika hukaguliwa na COASCO, shirika la Serikali la ukaguzi wa ushirika, au mkaguzi aliyeidhinishwa, na chama kinachokuletea daftari lililoandikwa kwa penseli bila ripoti ya ukaguzi, kimbia.

Halafu fungua daftari la wanachama, ukurasa wa fleti namba 10, uone jina la Bi mkubwa, idadi ya hisa na safu ya ada. Safu hiyo haina pengo. Ukurasa unaofuata una mapengo, lakini huo si wa fleti hii na sitausema ni wa nani.

Mwisho, soma muhtasari wa mikutano miwili iliyopita. Hapo ndipo utajua jengo linagombania nini. Utakuta habari ya paa.

## Bei, ada na kodi

Bei ni kiasi gani, na inapungua?

Shilingi milioni 46. Inapungua kwa anayekuja na hoja, mathalani gharama ya grili na dirisha la jikoni. Haipungui kwa anayeanza na milioni 25 kwa simu bila kuiona nyumba.

Benki itanikopesha?

Kwa fleti hii, usitegemee mkopo wa nyumba wa kawaida. Benki inataka hati ya kuweka rehani, na hati hapa ni moja ya jengo zima. Chama hakiwezi kuiweka rehani kwa deni la mtu mmoja, wala tusingekubali. Waliokopa hadi sasa wamepitia SACCOS za kazini au mkopo wa mshahara. Riba yake na muda wake si sawa na mkopo wa nyumba, kwa hiyo piga hesabu ya makato kabla hujaweka sahihi.

Bi mkubwa anakubali kulipwa kwa awamu mbili ndani ya miezi sita. Uhamisho wa hisa unafanyika baada ya awamu ya pili, na funguo pia.

Ada ya mwezi ni ya nini?

Kila fleti inalipa 35,000. Kwa fleti 16 ni 560,000 kwa mwezi zikilipwa zote. Mlinzi anachukua 200,000, msafishaji wa ngazi na ua 100,000, umeme wa pampu na taa za nje hucheza kwenye 90,000, kodi ya jengo 30,000, na 140,000 inayobaki ni akiba ya matengenezo. Maji hayamo.

Paa linahitaji kufanyiwa kazi, na akiba haitoshi. Mkutano mkuu umepitisha mchango wa 400,000 kwa kila fleti. Tumekubaliana kwamba Bi mkubwa analipa yeye kabla ya kuhamisha, na risiti itaambatishwa kwenye mkataba. Mimi ndiye ninayeikata risiti hiyo, kwa hiyo usidanganywe na mtu kwamba ni juu yako.

Kodi zipi zinahusika?

Kodi ya jengo tangu 2021 inakusanywa kupitia LUKU. Kwa majengo ya ghorofa mjini hutozwa kwa kila sakafu, 90,000 kwa mwaka. Ya kwetu imeunganishwa na mita ya pampu, ndiyo maana imo kwenye ada na mita ya fleti yako haikatwi.

Kodi ya faida ya mauzo ni ya muuzaji: asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa Tanzania. Kuna msamaha kwa nyumba ya kuishi ambayo mwenyewe ameimiliki na kuishi ndani yake kwa miaka mitatu au zaidi, ikiwa faida haizidi milioni 15. Faili la Bi mkubwa litapelekwa TRA kabla ya uhamisho, ili wao ndio waseme. Mnunuzi asiachiwe jambo hili mikononi.

Kuna hela ya kuonyeshwa nyumba?

Hakuna. Wala hakuna "ya funguo", "ya soda" au "ya mafuta ya bodaboda". Anayekudai ili akulete hapa, njoo peke yako.

## Taratibu za kununua

Nianzie wapi?

Unakuja kuona, mchana na usiku. Unasoma makaratasi. Unaomba uanachama. Bodi ikikubali ndipo mnaandikishana mkataba wa mauziano kwa wakili, si kabla. Mkataba uliosainiwa na mtu ambaye chama hakijamkubali ni kesi inayosubiri siku yake. Malipo yanaingia akaunti ya benki ya muuzaji. Sipokei fedha taslimu, na bodi pia haipokei. Kisha hisa zinahamishwa kwenye daftari, unapewa cheti cha hisa na barua ya haki ya kukaa.

Mwenyekiti wa mtaa lazima agonge muhuri?

Ni vizuri akujue kwa kuwa utakuwa mkazi wake, na barua yake ya utambulisho utaihitaji kwa mambo mengine. Ila muhuri wake hauhamishi hisa. Kuna waliouziana nyumba kwa karatasi ya serikali ya mtaa pekee wakadhani wamemaliza. Na asilimia ya bei haimhusu.

Muuzaji ana mume? Watoto wamekubali?

Swali zuri. Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Bi mkubwa ni mjane. Hisa zilikuwa kwa jina lake tangu mwanzo, hazimo katika mirathi ya marehemu, na cheti cha kifo kipo. Watoto wake watatu hawatakiwi kisheria kusaini, lakini wamesaini kama mashahidi kwa sababu tunajua mambo ya familia yanavyoweza kugeuka miaka mitano baadaye.

Niko nje ya Tanga, nanunuaje?

Mteue mtu kwa hati ya uwakilishi. Ukiwa nje ya nchi, ishuhudiwe ubalozini. Mwakilishi anaweza kusaini mkataba na kupokea funguo. Mbele ya bodi utaonekana kwa simu ya video. Usimteue dalali.

## Maswali ya pembeni

Mimi ni Mkenya kutoka Mombasa, Horohoro ni hapo tu. Naweza?

Tunapokea simu nyingi za ng'ambo ya mpaka, na jibu huwa linaudhi. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji kwa utaratibu wake maalumu, na masharti ya chama chetu yanataka mwanachama awe raia. Kununua kwa jina la shemeji Mtanzania ni kumpa shemeji nyumba. Kupanga unakaribishwa, nyumba za kupanga Ngamiani zipo.

Naweza kuipangisha, au kupokea wageni wa siku mbili tatu?

Kupangisha kwa mwaka mmoja na kuendelea, ndiyo, kwa kuiarifu bodi na kuleta jina la mpangaji. Wageni wa usiku mmoja mmoja, hapana. Mkutano ulipiga kura baada ya ngazi kujaa watu wasiojulikana.

Nikitaka kuvunja ukuta wa jiko?

Ule wa kati ya jiko na sebule ni wa tofali tu, unavunjika kwa kibali cha bodi. Wa upande wa ngazi una nguzo ndani, usiguswe hata kwa msumari mrefu.

Nikifariki?

Ukiingia unajaza fomu ya kumtaja mteule. Chama kitamtambua huyo kwa ada na mawasiliano, na haki zenyewe zitafuata mirathi, kwa barua ya msimamizi kutoka mahakamani. Mteule si lazima awe mrithi pekee. Waambie watu wa nyumbani mapema, maana fomu nyingi hujazwa na kufichwa kabatini.

Bomba la mafuta litapandisha thamani ya fleti?

Bomba kutoka Hoima, Uganda, lina kilomita 1,443 na linaishia Chongoleani, ng'ambo ya ghuba. Bandari nayo imeongezwa kina, meli zinafunga gatini badala ya kushusha mizigo kwa matishari. Kazi hizo zimeleta wapangaji, hilo tumeliona. Lakini wajenzi wa mradi ni waja leo waondoka leo kweli kweli, na ukinunua chumba na sebule ukitegemea kodi zao, uwe na mpango wa siku wakihama. Nunua kama utaishi, au kama kodi ya mwalimu na muuguzi wa hospitali ya Bombo inakutosha.

Jengo likija kugawanywa hati, nitapata yangu?

Hoja hiyo ilishafika mkutanoni mara moja ikaahirishwa. Inahitaji mpimaji achore ramani ya sehemu za jengo, maombi yapite ofisi ya ardhi ya mkoa, na wanachama wachangie gharama. Ikipita, kila mwenye hisa za fleti atageuziwa hati ya fleti hiyo, na muda wake hautazidi ule wa hati mama. Nusu ya wanachama wanaitaka ili wakope benki. Nusu wanaogopa wenye hati watauza ovyo. Ukiingia, kura yako moja ndiyo hiyo.

Naruhusiwa kufuga kuku, au kuchinja mbuzi wa Idi?

Kuku kwenye roshani, hapana. Mbuzi wa Idi anachinjwa uani, asubuhi baada ya swala, kwa zamu, na kila mmoja anaosha sehemu yake kabla ya adhuhuri. Zamu zinaandikwa kwa mlinzi wiki moja kabla.